Breki za Kipriani

Siku ya kwanza ilikuwa raba tu. Badru alifunga duka lake la vipuri vya baiskeli pale Kasulu mjini, akafika nyumbani, akavua raba mlangoni, akaona soli ya mguu wa kulia imelika katikati mpaka soksi inaonekana. Pembeni mwa tundu kulikuwa na weusi wa tairi. Raba zile zilikuwa na wiki mbili, na siku nzima alikuwa ameketi nyuma ya kaunta. Mkewe, Asmahani, aliiokota, kisha akaisogeza haraka mbali na pua.

"Baba Shamsia, hii inanuka mpira ulioungua," alisema. "Na maji ya mihogo."

Badru alijibu kwamba viatu vya siku hizi ni takataka, akaagiza chakula. Mtu mwingine angesita hapo. Mpira ulioungua na maji ya mihogo, ndani ya nyumba yake, baada ya yale aliyoyafanya, na yeye anauliza kama mchuzi umeiva. Ndivyo alivyokuwa.

Kesho yake, saa tisa alasiri, simu yake ilitoa mlio juu ya kaunta. Ulikuwa mlio wa ile programu ya kurekodi safari za baiskeli, unaolia safari inapoanza. Hakuna aliyeigusa. Baiskeli yenyewe ilikuwa ukutani, imetundikwa kwenye ndoano mbili: baiskeli ya mbio aliyoinunua kwa mzungu mmoja wa mashirika ya wakimbizi aliyekuwa anarudi kwao, yenye kifaa kwenye pedali cha kupima nguvu za miguu. Pedali zilikuwa zimetulia kimya. Simu ikaandika wati mia tatu na kumi. Badru, kwa majigambo yake yote, hakuwahi kufika mia mbili. Saa yake ya mkononi ikaonyesha moyo unapiga mara mia na sabini kwa dakika, na kweli ulikuwa unapiga hivyo, mapaja yanamwaka moto, naye yuko juu ya stuli.

Kwenye ramani, kidoti chenye jina lake kilikuwa kwenye kona ya mikaratusi, katika mteremko wa kutoka Heru Juu. Kilisogea kuelekea mjini kama mita mia nane, kikasimama. Programu ikaandika kwamba safari imehifadhiwa. Badru akainua mguu wa kulia akautazama. Raba mpya nayo ilikuwa imelika.

Kona ile aliijua vizuri. Ndiyo maana hakumwambia mtu.

Niseme wazi, maana wenyewe hawasemi. Badru alikuwa mwenyekiti wa klabu ya baiskeli ya Kasulu, watu wanane au tisa wenye kazi zao na vitambi vyao, waliojibana kwenye kaptula za kunata kila Jumapili, wakaenda kilomita ishirini na kupiga picha arobaini. Shida yao ilikuwa klabu ya Kibondo. Walishindana mwezi kwa mwezi, kilomita za kila mtu zikijumlishwa na programu, kombe likikaa kwa mshindi, na Kibondo walikuwa wanawapiga bao bila huruma. Hapo Badru akamkumbuka Kipriani.

Kipriani alikuwa mchukuzi. Kila siku alisukuma baiskeli yake ya chuma mpaka Heru Juu, akateremka na magunia mawili ya mihogo iliyolowekwa, maji yake yakidondoka njia nzima. Breki hakuwa nazo. Alipunguza mwendo kwa mguu, akikandamiza soli ya katambuga kwenye tairi la nyuma, na alipoteremka ungeisikia ksss ile ya mpira kabla hujamwona. Badru alimpa mfuko mdogo wenye simu nne za wanachama, yake ikiwemo, aufunge chini ya siti na kuzunguka nao. Kwa shukrani, alimwahidi pea ya breki mpya.

Kila alasiri, akishashusha mihogo sokoni, Kipriani alisimama mlangoni pa duka kurudisha simu. "Mwidiwe, tajiri," alisalimia kwa Kiha chake. "Breki vipi?"

"Njoo kesho," alisema Badru.

Siku thelathini na nne. Breki zilikuwa kwenye rafu nyuma ya kichwa chake, kunyoosha mkono tu. Na mtu asidhani ni usahaulifu, wala uchoyo. Wiki ya kwanza Badru alitazama simu, akakuta jina lake liko juu kabisa kwenye orodha ya walioteremka mlima ule, juu ya vijana wote wa Kibondo, kwa kasi ambayo mwenye breki hathubutu kuifikia. Akakaa akafikiri: huyu nikimpa breki, atabana. Sababu ilikuwa hiyo. Hakuna nyingine, na ningekuwa na neno baya zaidi la kumwita ningelitumia.

Ijumaa moja Venanti, katibu wa klabu, alikuwa anafuatilia kidoti kwenye simu yake, akakiona kimesimama ghafla kwenye kona ya mikaratusi. Yeye na Badru walipanda bodaboda. Walimkuta Kipriani chini ya magunia, macho wazi, anahema. Badru akapiga magoti kando yake. Akafungua mfuko chini ya siti, akatoa simu yake, akaipangusa, akabonyeza kusimamisha, akabonyeza kuhifadhi, rekodi isije ikaharibika. Kisha ndipo walipoinua magunia. Kipriani alifia njiani kwenda hospitali. Rekodi ilisomeka kilomita sabini na nne kwa saa, kombe likaja Kasulu, likawekwa ndani ya kioo dukani kwa Badru. Mjane, Niyomwungere, aliambiwa kwamba wale mabwana walikuwa wanapita tu, wakamsaidia mumewe. Aliwashukuru. Aliwapelekea na debe la maharage, nao wakalipokea.

Sasa ile safari ilikuwa inaendelea kutoka pale ilipokatizwa. Siku ya tatu kidoti kilifika kwenye daraja. Siku ya nne kikafika kwenye mashine ya kusaga. Badru aliizima simu, ikalia imezimwa. Akaifungia kwenye droo, akasikia moyo wake ukianza kwenda mbio bila kuambiwa, na harufu ikapanda kutoka miguuni mwake, na chini ya kaunta, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila mguu wake mwenyewe, ikaanza ile sauti, ksss, ksss, ya mpira unaosagwa na tairi linalozunguka. Siku hiyo soksi ilitoboka. Siku ya tano ngozi ya unyayo ilichubuka, akafunga kitambaa.

Asmahani ndiye aliyegundua. Badru alimwekea zamani kwenye simu yake uwezo wa kuona mumewe amefika wapi, ili amtayarishie maji ya kuoga akirudi. Alasiri ile alikiona kidoti cha mumewe kinapita sokoni kwa wati mia tatu na ishirini. Akaenda dukani kumuuliza, akamkuta amekaa, jasho linamtiririka, mguu wa kulia unakandamiza sakafu kwa nguvu zote.

Hakupiga kelele. Alifunga mlango wa duka, akamuuliza yuko nani kwenye barabara ile. Badru akasema hajui. Asmahani akamwita Venanti, na Venanti, aliyekuwa hajalala vizuri tangu siku ya ajali, alisema yote akiwa amesimama, kwa sauti ya chini, bila kumtazama mwenyekiti wake. Breki ilipotajwa, Asmahani alitazama rafu nyuma ya kichwa cha mumewe. Zilikuwepo bado.

"Anakuja huku," Venanti alinong'ona. "Kila siku alikuwa anamalizia hapa."

Walimleta Shehe Khamisi, mzee wa Ujiji anayesomea watu pale mjini. Alichoma ubani, akasoma, akainamia ule mguu na kuunusa bila kukunja uso. Alisema maiti harudi. Lakini kila mtu ana karini wake, jini aliyezaliwa naye akatembea naye maisha yake yote, na huyu wa Kipriani ameachwa barabarani na ahadi ambayo haijatimizwa. Hawezi kupungwa kwa ngoma wala kwa kombe la kunywa, yale maji ya aya. Akifika, Badru ampe breki kwa mkono wake, na aseme kwa mdomo wake, mbele ya mjane, kwa nini alimnyima. Basi, ataondoka.

"Na asiposema?" Asmahani aliuliza.

Shehe alikunja msala wake. "Tairi halichoki, mama. Mguu ndio unaokwisha."

Na huyu bwana, baada ya kuambiwa maneno mepesi namna hiyo, alifanya nini? Alizifunga breki kwenye gazeti, akampa Venanti azipeleke kwa mjane, Heru Juu, na akamkataza asieleze kitu. Nikifikiria hilo damu inanichemka mpaka leo. Alitaka kumaliza habari ya mtu aliyekufa kwa kutuma kifurushi.

Ijumaa, mchana, Niyomwungere aliingia dukani kwa miguu, vumbi limempanda mpaka magotini. Aliweka kifurushi juu ya kaunta. Hakusalimia.

"Venanti hakumwahidi mume wangu breki," alisema. "Ni wewe. Kila jioni alikuwa ananiambia, tajiri amesema kesho. Siku zote hizo kesho. Mimi nimekuja kuuliza kwa nini, na siondoki."

Akakaa kwenye benchi la wateja. Asmahani alimletea maji, akakaa karibu naye, upande wa mjane, siyo upande wa mumewe. Shehe Khamisi alifika, akaagiza mlango uachwe wazi. Wanaklabu watano walikuja na Venanti, wakasimama barazani. Kombe lilikuwa nyuma ya kioo, linang'aa, limepanguswa asubuhi hiyo.

Saa tisa simu ikalia. Kidoti kilikuwa tayari kimepita soko, na Badru akashika kaunta kwa mikono miwili kwa sababu moyo ulikuwa unamvuta kifua, na mtaani mafundi cherehani waliacha kukanyaga mashine zao mmoja baada ya mwingine bila kujua kwa nini, na mbwa aliyekuwa amelala kivulini akaamka akaondoka na mkia wake katikati ya miguu, na harufu ya mihogo iliyolowekwa ikaingia kwanza, nzito, ya kuchacha, ikifuatiwa na ya mpira, na ksss ile ikasikika kutoka mwisho wa mtaa, ndefu, ikikaribia, ikipanda, ya mtu anayejaribu kwa mguu mmoja kuzuia magunia mawili na mlima mzima nyuma yake, na kila mtu barazani akarudi nyuma akampisha yule asiyeonekana, mpaka ikasimama kizingitini. Maji meupe yakaanza kudondoka kwenye sementi, tone kwa tone, hayatoki popote.

"Mwidiwe, tajiri," ilisema sauti mlangoni. Ilikuwa ya adabu, kama zamani zote. "Breki vipi?"

Niyomwungere aliziba mdomo kwa khanga.

Badru alifungua gazeti. Breki alikuwa nazo mkononi. Maneno aliyotakiwa kuyasema yangejaa kijiko: nilikunyima makusudi, nilitaka kasi yako. Alimtazama mjane. Aliwatazama wanaklabu wake barazani, wanaomwita mwenyekiti, wanaosubiri. Alitazama kombe. Mdomo ukafunguka, na ule mdomo uliofanya kazi moja kwa siku thelathini na nne ukaifanya tena.

"Njoo kesho," alisema.

Kisha ksss, ikigeuka, ikienda zake taratibu. Simu ikaandika kwamba safari imehifadhiwa, chini ya jina la Badru. Damu ikachuruzika kutoka kwenye raba.

Niyomwungere alisimama, akajifunga khanga upya kiunoni. Breki hakuzigusa.

"Basi atakuja kesho," alisema, akatoka.

Asmahani aliondoka jioni ileile na binti yao Shamsia, kwenda kwa kaka zake Kibondo. Watu wa klabu hawaonekani tena pale. Kombe limebaki, kwa kuwa hakuna aliyekuja kulidai na Badru hajalirudisha. Kila usiku anaapa kwamba kesho atasema, na nasikia analia anapoapa, lakini mimi machozi yake hayanihusu.

Ukipita dukani kwake saa tisa alasiri utamkuta amekaa kwenye stuli, breki mpya ziko mbele yake juu ya gazeti. Mguu wa kulia umefungwa matambara. Vidole vilikwisha mwezi wa kwanza, kisigino mwezi wa pili, na sasa matambara yanaanzia karibu na goti. Maji yanadondoka mlangoni. Badru anatazama breki, na anajibu kwa sauti ndogo, ya mwenye duka anayemstahi mteja wake.

"Njoo kesho."