Namba Nilizozipika

Kila siku saa tisa kengele ikilia, wenzangu walikuwa wanakimbilia nyumbani. Mimi na Hellen tulikuwa tunashuka ziwani na daftari. Hiyo ndiyo ilikuwa zamu yetu darasa la sita, mwaka tisini na saba, pale shuleni kwetu upande wa Mkolani.

Magugu maji yalikuwa yamevamia ziwa. Wavuvi walilia, lakini Mwalimu Deodatus akayageuza kuwa somo la hesabu. Kulikuwa na gati la zamani la mawe. Unasimama mwanzo wake, unatembea hatua moja moja mpaka pale magugu yanapoishia, unaandika. Kugusa maji marufuku, mamba wapo. Ijumaa jioni Mwalimu anachukua daftari, anachora grafu kwenye karatasi ya mfuko wa saruji.

"Deo, watoto wako wanasoma au wanatalii?" Mwalimu Mkuu alikuwa anamtania. Yeye anacheka tu. Alikuwa na wenzake wa shule nyingine, wanakutana Usagara Jumamosi moja kila mwezi, kila mmoja anaeleza kitu kipya alichojaribu darasani. Kikao hicho alikuwa anakisubiri kama sikukuu.

Wiki ya kikao Hellen akaugua malaria. Jumatatu nikapima peke yangu, hatua thelathini na moja. Jumanne, kwenye kibanda cha video cha Chenge wakaleta picha mpya ya karate. Nikasema gati halikimbii. Jumatano ikaja sehemu ya pili. Kwa kifupi, mpaka Ijumaa sikukanyaga ziwani. Ijumaa hiyo nikajificha nyuma ya vyoo, nikaandika: 33, 35, 37, 39. Magugu si yanaongezeka tu? Nani angejua?

Jumatatu Mwalimu akaingia darasani. Tukamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mashimba, simama."

Nikasimama.

"Juzi kwenye kikao nimekutetea. Mwalimu Wilhelmina, anafundisha ng'ambo ya ghuba, alikuja na daftari la watoto wake. Wameandika kwamba kuanzia Jumanne magugu yalihamia kwao, yakajaa ufukweni. Akaniuliza yametoka wapi, kama ya kwetu yalibaki hapa yanaongezeka. Nikamwambia mbele ya watu wote, watoto wangu hawapiki namba, akawaulize wa kwake. Kaa, mwanangu."

Darasa zima likanipigia makofi. Nikakaa haraka, nikainamia dawati.

Hellen alikuwa amepona. Mapumziko akafungua daftari. "We Mashimba, hizi namba mbona zinapanda mbili mbili kama ngazi? Tukipima wote, leo zinapanda, kesho zinashuka."

"Magugu yamepata akili."

"Au wewe umepata video."

"Kameze dawa zako huko!"

"Nameza. Na sikusemei kwa mtu. Utasema mwenyewe."

Sikusema. Kila Mwalimu aliponiita "mpimaji wetu" nilitamani aniite mwizi, yaishe.

Alhamisi ikaja barua. Mwalimu akaisoma mbele yetu: "Mwalimu Deodatus, nimelifanyia kazi neno lako. Mimi naishi mbali na ziwa, lakini Jumapili nilikwenda mwenyewe ufukweni, sikuona hata jani. Malimi na Antoni, waliopima, nimewapa adhabu ya kufyeka uwanja wiki nzima. Wanalia kwamba magugu waliyaona kwa macho yao. Nimeamua kuachana na mambo ya kupima. Bora turudi ubaoni."

Mwalimu akaikunja barua polepole. Hakufurahi. Nikajikuta nimesimama.

"Mwalimu, ni mimi niliyepika."

"Umepika nini?"

"Namba. Jumanne mpaka Ijumaa. Nilikuwa kwenye video."

Nilisubiri fimbo. Yeye akaenda dirishani, akasimama akitupa mgongo.

"Kutoka hapa ghuba yote inaonekana," akasema. "Upepo unayabeba magugu, leo huku, kesho kule. Ndiyo maana tunapima. Wiki nzima mimi sikuinua macho. Nilitaka mstari unaopanda, nikauonyeshe Usagara. Wewe umedanganya siku nne. Mimi nimemdhalilisha mwenzangu kwa kitu ambacho sikukiangalia."

Afadhali angenichapa.

Jumamosi mimi na Mwalimu tukavuka ghuba kwa boti. Tukawakuta Malimi na Antoni bado wanafyeka. Malimi alikuwa msichana mwembamba, viganja vimejaa malengelenge. Mwalimu Wilhelmina alikuwa kivulini anasahihisha madaftari.

"Mwalimu mwenzangu," Mwalimu Deodatus akasema, "nilikukosea mbele ya watu. Mwezi ujao nitalisema hili mbele ya watu hao hao. Watoto wako walipima. Wa kwangu hakupima."

Akanisukuma mbele. Nikaeleza yote, macho chini.

"Kumbe ni wewe!" Malimi akasema. "Na hiyo video, angalau ilikuwa nzuri?"

Antoni akacheka. Mimi sikuweza.

"Naomba hilo fyekeo," nikamwambia.

"Chukua. Kipande chote kile bado."

Nikafyeka. Mwalimu Deodatus akavua saa yake, akachukua fyekeo la Antoni, akaja kufyeka pembeni yangu. Mwalimu Wilhelmina aliwaita watoto wake kivulini, nikamsikia anawaomba radhi.

Tulipomaliza, Mwalimu Wilhelmina akaweka daftari lao na letu mezani, bega kwa bega. Nikashika ukurasa wangu niuchane.

"Usichane," akanizuia. "Kata hizo namba kwa mstari, pembeni andika: hatukupima."

"Itaonekana vibaya, mwalimu."

"Itaonekana kweli. Sikiliza, mwanangu. Mtu aliye mbali na gati lenu hana macho ya kuliona, ana neno lako tu. Ukimpa uongo, ataamua mambo kwa uongo huo, atamwadhibu asiye na kosa, kama nilivyofanya mimi. Siku ambayo hukufanya kazi, sema hukufanya. Hapo tutaaminiana, na kazi hii tutaendelea nayo."

Malimi akanisogezea kalamu. Nikaandika "hatukupima" mara nne.

"Si 'hatu'," Malimi akasema juu ya bega langu. "Hellen alikuwa anaumwa."

Nikakata, nikaandika upya: sikupima, sikupima, sikupima, sikupima.