JINA LANGU NDILO LILILOKUWA KWENYE LILE FAILI!

Kanisa limejaa hadi mlangoni. Watu wote wamevaa nyeupe. Kwaya iko ubeti wa pili, sauti zinapanda...

Ghafla maneno ya wimbo yakapotea ukutani.

Akatokea mwanamke. Jamani, leso ya kufutia pua ina kitambaa kingi kuliko nguo aliyovaa!

Chini yake maandishi makubwa: NIKO PEKE YANGU, BONYEZA HAPA.

Na mbele ya ukuta huo, mikono juu, macho amefumba, kasimama mchungaji wetu.

Mchungaji huyo ni baba yangu mzazi.

Kwaya ikakata. Bibi mmoja akawaziba wajukuu zake macho kwa pepeo. Mimi niliruka kutoka benchi la tatu, nikang'oa waya wa projekta kwa nguvu hadi soketi ikatoa cheche!

Mzee Tuiloma, mzee wa kanisa, akasimama. Kidole kaninyooshea mimi.

"Fetuao! Hiyo programu ya nyimbo ni ya nani?"

 Swali gani hilo? Samoa nzima inajua ni yangu mimi na mume wangu Malaki.

Ngoja niwaeleze, ndugu zangu.

Mimi na Malaki tuliitengeneza wenyewe, usiku na mchana, tukaigawa bure. Makanisa ya kisiwa chetu cha Upolu yakaichukua, ya kisiwa cha Savai'i yakaichukua, mashule, hadi zahanati. Ili watu wasiogope kuiweka kwenye kompyuta, tukachukua sahihi ya kidijitali. Yaani kompyuta yako kabla haijafungua faili inakuuliza: hili limetoka kwa Fetuao Leavasa, unalikubali?

Nilipita hadi redioni. "Wapendwa, mkiona jina langu, kubalini tu!"

Watu wakakubali.

Jumapili hiyo, katika nyumba ya mchungaji tunamoishi na baba, chakula cha mchana kilipoa mezani; palusami, yale majani ya magimbi kwa tui la nazi, hakuna aliyeigusa. Nikajifungia na kompyuta ya kanisa. Nikakuta faili limeingia wiki ile ile, limejiita "Nyimbo Mpya".

Nikalifungua upande wa sahihi.

Sahihi: halali.

Mwenye sahihi: Fetuao Leavasa.

 Mimi?!

Nikaita antivairasi. Ikasema safi, hakuna tatizo. Nikalipeleka kwenye ile tovuti inayouliza antivairasi nyingi kwa mpigo. Nyingi zikanyamaza. Chache tu ndizo zilizopiga kelele: programu ya matangazo, isiyotakiwa, inajificha ndani ya nyingine!

Na zile nyingine zilinyamaza kwa nini? Kwa sababu na zenyewe ziliona jina langu zikaliamini.

Sasa kusaini kunataka vitu viwili. Kile kifaa chekundu kama flashi, kinachokaa kwenye droo yangu, na neno la siri. Kichwani mwangu wakawa watu wawili tu: mimi na Malaki.

Na Malaki, wadau... mwezi mzima alikuwa akipigiwa simu anatoka nje kupokea.

Nikamfuata jikoni. Mama mkwe, aliyekuja kutusalimia kutoka Savai'i, alikuwa ameketi pale pale. Sikujali.

"Umeiuza sahihi yetu kwa nani?"

"Unasema nini, Fetu?"

"Nijibu! Hizo simu unazokimbia nazo nje ni za nani?"

Akainamisha kichwa. "Siwezi kukuambia leo."

"Huwezi? Baba yangu kavuliwa nguo mbele ya kanisa zima, we' huwezi?!"

"Fetu, unaniuliza au umeshanihukumu?"

"Mwizi haulizwi! Toka nyumbani kwa baba yangu!"

Mama mkwe akanishika mkono. "Mwanangu, taratibu. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Mama, na wewe ondoka na mwanao!"

Ndiyo, nilisema hivyo. Kwa mama mzima.

Wakapanda feri ya kwanza kurudi Savai'i. Malaki hakugeuka nyuma.

Ndipo simu zikaanza kumiminika.

Mwalimu mkuu: "Fetu, darasani kunatokea picha za kamari!"

Kanisa la pili. La tatu. Kisha nesi wa zahanati moja ya mbali, analia: "Dada, nina mama mjamzito hapa, nataka kufungua rekodi zake, matangazo yanafunika skrini yote. Nikifunga moja yanakuja matatu. Nifanyeje?"

"Zima, uwashe tena..."

"Nimeshazima mara ngapi! Mimi hili faili nililikubali kwa sababu niliona jina lako."

Ningefanya nini? Siwezi kuingia kwenye kompyuta ya kila mtu. Nilikaa chini sakafuni, simu inaita, siipokei.

Nikawapigia waliotupatia sahihi. Kijana wa huko akaniambia kwa upole, "Tunaweza kuifuta. Ila tukiifuta, hata programu yako safi kompyuta zitaikataa. Na walioliweka hilo faili baya tayari, litabaki kwao hadi waliondoe wenyewe. Lilisainiwa lini?"

Lini?

Sikuwa nimeangalia! Niliona jina, nikaishia kwenye jina.

Nikalifungua tena. Chini ya jina kuna tarehe.

Ilikuwa ile Jumanne tuliyomzika bibi yake Malaki, Savai'i. Siku hiyo Malaki alibeba jeneza mbele ya macho yangu. Mimi nilikuwa nyuma yake.

Hatukuwepo nyumbani. Wote wawili!

Nani alibaki?

Nikatoka kumtafuta baba...

Nilimkuta barazani na kikombe chake cha kakao.

"Baba, ile flashi nyekundu kwenye droo yangu... kuna mtu uliyempa?"

Akatabasamu! Haki ya Mungu alitabasamu, jamani.

"Ah, Pereniki kashakuambia? Yule ndugu mgeni kutoka Auckland, New Zealand. Kasema ataifikisha programu yako kwa makanisa yetu yote ya kule. Nilitaka usikie habari imeshakamilika, ufurahi."

"Na neno la siri?"

"Lile ulilonipa ulipolazwa hospitali, niwasaidie kuweka nyimbo za Pasaka. Nikampa." Akanitazama usoni. "Kuna nini, mwanangu? Alisali vizuri sana yule kijana."

Nikamweleza. Akakiweka kikombe chini.

"Kwa hiyo yule mwanamke ukutani... nilimleta mimi?"

 Nikamkumbatia tu. Alikuwa mwepesi kama mtoto.

Namba ya Pereniki haipatikani. Polisi waliandika maelezo, wakasema mtu yuko nje ya nchi. Sahihi imefutwa, na programu yetu imekufa nayo.

Baba alisimama mwenyewe mbele ya kanisa. "Msimtafute mwingine. Ni mimi niliyemfungulia mwizi mlango." Watu walilia. Mzee Tuiloma alilia kuliko wote. Ila wazee wakaamua apumzike uchungaji, na sisi tukahama nyumba ya mchungaji.

Nikampigia mama mkwe, naomba radhi huku nimepiga magoti kama vile ananiona.

Akashusha pumzi. "Malaki ameshapanda ndege, mwanangu. Zile simu zilikuwa za kazi, kuchuma matofaa New Zealand. Alikuwa anasubiri wampe uhakika ndiyo akwambie."

Wadau, kama faili hilo liko kwako, lifute leo. Na shikeni neno langu: sahihi haikwambii faili ni safi, inakwambia tu muhuri ni wa nani. Muhuri huazimwa, huibiwa. Angalia tarehe. Lipimishe kwa zaidi ya antivairasi moja. Kisha mpigie mwenye jina umuulize. Na mtu wako wa ndani, muulize mara mbili kabla hujamwita mwizi.

Leo asubuhi Malaki kanitumia picha. Miti ya matofaa, mistari na mistari, ukungu umetanda. Hakuandika neno hata moja.

Nimeandika jibu, nimelifuta. Nimeandika tena...

Bado sijalituma.