Mtungi wa Meneja

Jua lilipoanza kupoa, Dada Mkubwa alibeba ndoo kwenda kunywesha mitende, na tangu mlangoni alikuwa anafoka. Alifoka kwa sababu ya mvua iliyogoma. Alifoka kwa sababu ya bomba lililokuwa likitoa upepo mtupu. Lakini zaidi alimfokea kaka yake ambaye hata hakuwepo, yule waliyembandika jina la Meneja kwa kuwa tangu utotoni alikuwa hodari wa kupanga kazi zitakazofanywa na wengine.

Mitende ilikuwa mitatu, nyuma ya nyumba. Marehemu baba yao alipanda mmoja kila alipopata mtoto: wa Dada Mkubwa, wa Meneja, na wa Kitinda, mdogo wao. Ubavuni mwa kila mmoja alizika mtungi wa udongo, mdomo tu ukichungulia juu, ili maji yavuje taratibu kwenye mizizi na jua lisiambulie kitu. Majani makavu yalitandazwa kuzunguka, mbali kidogo na shina lisije likaoza. Kuti bichi halikatwi, maana mtende wenye kiu hujilisha kwa makuti yake. Na mtungi mpya hauzikwi mpaka utiwe mkono ndani, upapaswe hadi chini.

Kwa nini? Baba hakusema. Ukimuuliza, alikohoa na kubadili mazungumzo.

Mtungi wa Kitinda ulipopasuka mwanzoni mwa kiangazi, Meneja ndiye aliyeleta mwingine. Alikuwa hajaonekana pale tangu mazishi ya baba. Siku hiyo alikuja amekonda, midomo imempasuka, akautua mtungi mweusi mzito na kuondoka bila salamu ya maana. Dada Mkubwa alipandwa na hasira hata hakutaka kuutazama mzigo wake. Aliutumbukiza shimoni, akaufukia, akanawa mikono.

Hakuupapasa.

Sasa Kitinda alikuwa kitandani, mifupa na ngozi. Daktari alimwekea dripu, ikaingia yote, na bado binti akaamka ulimi umegandamana na kinywa. Neno lake lilikuwa moja tu: maji. Na mtende wake ulikuwa unakwenda naye. Makuti yalining'inia, na lile changa la kileleni, ambalo likifa mti wote umekwisha, lilikuwa limeanza kukunjamana. Wa Meneja, ambao Dada Mkubwa aliunyima maji makusudi, ulikuwa umenawiri kama wa masika.

Akamimina ndoo kwenye ule mtungi mweusi.

Glu... glu... glu...

Ndoo nzima. Mtungi ukawa mtupu.

"Nini hiki?" alinong'ona.

Akainama. Harufu iliyomjia haikuwa ya udongo. Ilikuwa harufu ya kinywa cha mtu aliyetoka usingizini. Lakini hasira zilikuwa mbele ya woga. Akatia mkono hadi kwenye kiwiko. Chini palikuwa laini... pana joto...

Pakamlamba.

Dada Mkubwa alifuata jembe. "Mdogo wangu!" alisema, akapiga. "Mdogo wangu mmoja!" akapiga tena, mpaka mtungi ukawa vigae. Ndani hamkuwa na kitu. Shimo lilikuwa kavu, na kando yake palikuwa na kitobo kidogo, kipya, kilichochimbwa kutoka ndani kwenda nje.

Giza halijashika vizuri, lango likagongwa. Meneja alikuwa ameshika vyuma kwa mikono miwili, midomo inavuja damu.

"Dada... maji. Nakufa."

"Mtungi ule uliutoa wapi?"

"Nipe kwanza maji. Kiu imenirudia jioni hii, ghafla."

"Uliutoa wapi!"

Akateremka mpaka chini, akaketi vumbini na suti yake, analia. "Kulikuwa na mwanamke kule sokoni. Nilinunua mtungi, sikuupapasa. Nikauweka kwenye mtende wangu siku ile ya mazishi, kwa heshima ya baba. Nikaanza kukauka. Nilipomrudia, akasema kitu hiki hakifi, kinahamishwa tu. Kipewe mti wa mtu mwingine. Nikaja usiku, nikauchimbua."

"Ukachagua wa Kitinda."

"Wewe una nyumba ya kuangalia. Mimi nina watoto. Yeye..." Akalamba damu. "Nikaona bora yeye."

Bora yeye! Dada Mkubwa alihisi damu ikimchemka mpaka masikioni. Huyu mtu alikuwa amekaa kwake, ananawiri na mti wake, huku akijua. Kila alipopigiwa simu kuambiwa Kitinda amezidiwa, alikuwa anajua.

"Nimeuvunja," alimwambia.

Meneja akaacha kulia. Akatazama nyuma ya nyumba, kule mitendeni.

"Dada, ule ulikuwa mtungi tu," alinong'ona. "Chenyewe umekiacha kimekwenda wapi?"

Dada Mkubwa alimsukumia kopo la maji chini ya lango kama anavyosukumiwa mbwa mkali, akafunga komeo. Ndani ya nyumba sauti ikaita, sauti ambayo hakuwa ameisikia siku nyingi.

"Dada! Jamani nina njaa!"

Njaa. Siyo maji. Machozi yakamtoka Dada Mkubwa hapohapo uani. Akageuka kukimbilia jikoni.

Glu...

Akasimama.

Glu... glu...

Ilitoka kwenye mtende wa kwanza. Wake. Mtungi ule aliuzika baba kwa mikono yake, na mchana ulikuwa umejaa pomoni. Koo likamkauka ghafla, ulimi ukawa mzito. Angeweza kuung'oa mtungi, akakihamisha. Mti wa Meneja ulikuwa hatua chache tu, na mwenyewe alikuwa bado yuko langoni. Aliutazama mti ule kwa muda mrefu kuliko alivyopenda.

Kisha akaviringisha jiwe la kufulia mpaka juu ya mdomo wa mtungi wake, akalikalia, jembe mapajani.

"Kunywa basi," alisema, na mdomo wake wa chini ukapasuka katikati. "Lakini humu hutoki. Tuone nani atamkausha mwenzake."

Chini yake, polepole, kikaanza kucheka.