Simu Arobaini, Namba Moja

"Mkamate! Asitoke na huo mfuko!"

Sauti ya Mjomba ilimpasukia Sindano sikioni kupitia redio. Pumzi zote zilikuwa zimeshuka miguuni.

Ghorofa ya tano. Ya nne. Ya tatu.

Mbele yake mwanamume wa ovaroli ya bluu aliruka ngazi tatu tatu, mfuko mweusi ukimdunda mgongoni. Sindano alipanda juu ya kishikio cha ngazi, akateleza, akamtulia mabegani kama mzigo wa kuni. Wakabiringika hadi ukutani.

Akamwekea mtutu wa Beretta chini ya kidevu. Kwa mkono wa kushoto akafungua zipu.

Sponji.

Sponji tupu, na chupa ya maji.

"Kifaa kiko wapi?"

"Kifaa gani, dada? Mimi mfagizi! Nimeambiwa nikimbie tu."

"Na nani?"

"Simjui. Alinipigia simu. Kasema nikiona mwanamke wa koti la kijivu, nitoke mbio, nisisimame hadi nje. Dada, goti lako liko juu ya ini langu."

Sindano aliondoa goti. Akalitazama koti lake.

Maishani hakuwahi kuvaa kijivu. Leo alikivaa kwa sababu amri ya siri ya asubuhi ilisema hivi: Saa tatu. Jengo la mitambo. Vaa kijivu. Amri hiyo ilitoka kwa mtu mmoja na kumfikia mtu mmoja.

Kikulacho.

Hapana, alijiambia. Huyu hakuwa mjomba wa kuitwa kwa heshima tu. Alikuwa ndugu wa mama yake, tumbo moja. Ndiye aliyemwingiza idara ya ujasusi, kisha akamwingiza na mdogo wake.

"Sindano! Umempata?"

Alimziba mfagizi mdomo. "Ameniponyoka, Mjomba. Kaelekea maegesho. Namfuata."

"Mfuate! Niko makao makuu, natuma gari."

Casio yake ilisema saa tatu na dakika thelathini na nne.

Saa nne kamili mitandao miwili ya simu ingefungua lango moja, na sauti za intaneti ambazo hadi jana hazikuweza kuvuka kutoka mtandao huu kwenda ule zingeanza kuvuka. Saa nne na dakika mbili, wakati alioupanga Mjomba mwenyewe, mdogo wa Sindano angepiga simu kupitia lango hilo. Miezi saba alikuwa dereva wa wauza bunduki, amejipenyeza. Leo angetaja alipojificha ili aje achukuliwe. Fununu zilisema majasusi wa nje, washirika wa wauza bunduki hao, wana kifaa cha kunasa sauti langoni. Kama kimeshafungwa, wangefika kwa binti yule kabla ya dada yake.

Sindano hakwenda maegesho. Alipanda ghorofa ya nne: kifaa kilichofungwa langoni lazima kiache alama kwenye vipimo.

Chumba cha vipimo kilikuwa na meza moja, simu kumi za Nokia, kikombe cha bati na mpimaji mkuu, mama mnene mwenye miwani juu ya paji la uso. Jengo zima lilimwita Mama Milisekunde.

"Mwanangu, unahema kama jogoo aliyekoswa na kisu. Kaa."

"Nionyeshe vipimo vya jana, mama."

"Si vimesainiwa? Mkubwa wenu alikuja mwenyewe. Kanambia, nenda kapumzike, mama, nitamalizia. Mimi nani nikatae usingizi?"

Karatasi ilikuwa na simu arobaini za majaribio. Muda wa sauti kwenda na kurudi, kwa milisekunde: 92. 92. 92. Hivyo hivyo hadi chini.

Mama Milisekunde alishusha miwani. Akacheka. Kisha kicheko kikamkauka.

"Uongo huu umepigwa pasi. Sauti ya intaneti hukatwa vipande vipande, na kila kipande hujitafutia njia. Sasa hivi tisini, punde tisini na tano. Haitulii. Simu arobaini zipate namba moja? Hata mapacha hupishana kuzaliwa!"

"Pima upya."

Mama alipiga simu kutoka mtandao huu kwenda ule. Akagonga kikombe kwa kijiko.

Ngo. Kioo kikaandika 241.

Ngo. 238.

"Lango liko hapo chini tu," alisema polepole. "Sauti hii imetoka, ikapelekwa mahali ikasengenywa, ndipo ikarudi."

"Niazime kikombe. Nitagonga kule chini, wewe unisomee namba hadi tujue kifaa kilipo."

"Kirudi kizima!"

Hapakuwa na haja ya kugonga. Chumba cha lango kilikuwa baridi, taa za kijani zikipepesa. Kabati la saba lilikuwa wazi, na mbele yake mgongo alioujua tangu utoto. Mgongo uliowahi kumbeba.

"Shikamoo, Mjomba."

Mabega yalikakamaa. "Marahaba, mwanangu." Akageuka, bastola mkononi.

"Makao makuu yamehamia huku lini?"

"Ulipaswa kuwa maegeshoni."

"Na mdogo wangu? Alipaswa kuwa wapi? Kaburini?"

"Waliniahidi hawatamuua. Watamshika tu."

"Walikuahidi."

"Miaka thelathini na moja nimesikiliza siri za watu! Nilipodai haki yangu, nani alinisikiliza? Vijana niliowafundisha kushika kalamu wamekalia kiti changu. Hawa wa nje walinisikiliza."

"Ukawapa sisi."

Mjomba alikitazama kikombe, akajaribu tabasamu la zamani. "Umeniletea chai?"

"Ndiyo."

Kikombe kiliruka. Kilimpata juu ya jicho. Teke moja, bastola ikateleza chini ya kabati. Goti mgongoni. Pingu.

Ndipo Sindano alipotambua. Mjomba alikuwa na sekunde nzima ya kufyatua. Hakufyatua.

Hilo lilimuuma kuliko risasi. Angefyatua, angekuwa rahisi kumchukia.

Alichukua redio. "Kikosi."

"Nakusikia."

"Ghala la saruji, kando ya reli. Jificheni ndani. Wageni wanakuja."

"Wangapi?"

"Wote."

Mjomba aliinua shingo sakafuni. "Kifaa hukichomoi?"

"Nani alinifundisha? Sikio la adui halikatwi. Linalishwa."

Saa nne. Taa za kabati la saba zikawaka zote kwa pamoja. Lango limefunguliwa.

Dakika mbili. Simu ikaita.

"Dada, ni mimi. Unanisikia?"

"Nakusikia. Mama anakusalimu."

Mama yao walimzika miaka tisa iliyopita. Mjomba ndiye aliyelibeba jeneza upande wa kichwa.

"Nami namsalimu," sauti ilisema hatimaye, tulivu. Ameelewa kuwa wanasikilizwa. "Nikusubiri wapi?"

"Ghala la saruji, kando ya reli. Saa tano kasoro robo. Usichelewe."

"Sichelewi."

Chini sakafuni, Mjomba aligeuzia uso wake ukutani.

Saa tano kasoro dakika nane redio ilikohoa. "Wageni kumi na mmoja, wawili wa nje. Wamelala kifudifudi. Hakuna risasi hata moja."

Sindano alikichomoa kifaa. Kilikuwa kidogo kama kipande cha sabuni. Juu, Mama Milisekunde alipima tena, akapiga kelele kwenye simu ya mezani: "Tisini na mbili! Tisini na sita! Themanini na tisa! Inatetemeka vizuri, mwanangu! Na kikombe changu?"

"Kimebonyea, mama. Kazini."

Simu ya mdogo wake iliingia mara ya pili. Yuko kituo cha polisi, salama, anacheka na kulia kwa mkupuo mmoja. "Dada, nani alituuza?"

Sindano alimtazama mzee pale sakafuni.

"Basi utaniambia. Mjomba yupo hapo? Nipe nimsalimu."

Alimsogezea Mjomba simu sikioni.

"Shikamoo, Mjomba!"

Midomo ya mzee ilicheza. Milisekunde tisini na mbili zikapita. Elfu moja. Elfu tano.

"Mjomba? Shikamoo?"

Sindano aliirudisha simu sikioni kwake. Upande wa pili kicheko kilikuwa kimekatika, imebaki pumzi tu.

"Ndiye?"

"Ndiye."

Askari wawili waliingia. Kule ukumbini wafanyakazi walikuwa wamejaa, wanapongezana kwa lango jipya, na wengi walimjua mzee kwa sura. Sindano alivua koti la kijivu, akalitupia juu ya zile pingu.

"Kijivu ulichagua wewe," alisema. "Livae."

Kisha akaokota kikombe, akatoka.