Aliyejibu Hodi

Rafiki yangu Ndayikeza, mama Mrundi, alitaka kununua nyumba Kitengela. Kwa kuwa ni mgeni, alimtafuta wakala, Kiama, amwongoze.

Walifika jioni. Stima haikuwa imeunganishwa, na ndani giza lilishatanda. Kiama akapiga hodi kwa mzaha. Kutoka chumba cha mwisho, sauti ya mwanamke ikaita kwa Kirundi jina la utotoni la Ndayikeza, kisha ikauliza kitu.

Akaganda. Aliyemwita hivyo ni marehemu mamake pekee, aliyezikwa Gitega.

"Mama, ni nani huyo? Anasema nini?" Kiama akanong'ona.

"Anauliza nimemletea nani."

Walikimbia hadi kwa gari. Nyuma yao, hatua za miguu mitupu zilikuja juu ya kokoto, zikampita Ndayikeza, zikasimama kando ya Kiama.