Kisima Kilichonyimwa Mwanzi

Jua lilikuwa linazama nyuma ya misonobari Tomohisa alipopanda kilima, mkononi ana dawa ya pumu ya dada yake na boksi la wali na samaki. Safari ya kawaida tu, ya kila wiki.

Nyumba ile aliichora mwenyewe, msanifu majengo mwenye jina, ili Chizuru akapate hewa safi. Na tuseme ukweli, ilikuwa nzuri. Hakukata mti hata mmoja. Jiwe la mlimani aliliacha sebuleni, sakafu ikalizunguka. Upande wa msituni hapakuwa na ukuta, ila milango ya kusukuma. Ukiifungua, hujui ndani ni wapi na nje ni wapi. Watu wakamsifu, kichwa kikamvimba.

Langoni alimkuta Bi Ushio, jirani. Tangu ujenzi uanze, mama huyo hajawahi kumwitikia salamu.

"Kisima cha kwetu kiko chini ya sakafu yako," alisema. "Ulikiachia mwanzi?"

Tomohisa akajifanya hakusikia. Huko kwao kisima hakifukiwi hivi hivi. Huchomekwa mwanzi ulio wazi ndani, ukatokeza juu, ili mwenye kisima, ile roho ikaayo majini, apate kupumua. Mafundi walimkumbusha, hata mwanzi wenyewe wakauleta. Akautupa. Mwanzi katikati ya sakafu yake ya mwerezi? Ungemharibia picha.

"Basi atakuwa amejitafutia pa kupumulia," Bi Ushio akasema, akampa kisogo.

Ndani kulinuka tope bichi. Chizuru alilala kwenye godoro kando ya jiwe, midomo imegeuka bluu.

"Kaka... usikanyage hapo," alinong'ona. "Panavuta."

Hfff...

Mbao zikabonyea. Zikainuka. Tomohisa akahisi nywele zinamsimama, maana kila sakafu ilipobonyea, kifua cha dada yake nacho kilibonyea.

Hfff...

Kitu kilikuwa kinapumua kwa kifua cha Chizuru.

Hakungoja. Alichukua shoka stoo, akaivunja sakafu aliyojivunia. Akakimbia nje, akakata mwanzi, akautoboa vifundo kwa nondo, akaukita kwenye udongo. Udongo haukumbishia. Uliumeza mwanzi mpaka ukabaki urefu wa shubiri. Kisha hewa ikaingia, ndefu, kama mtu aliyeibuka majini.

Kimya.

Chizuru akakaa. Rangi ikamrudi. Akaomba chakula, yeye ambaye juzi alikataa hata uji, na Tomohisa akalia kwa furaha bila aibu. Huku analia, akaweka kiganja juu ya mdomo wa mwanzi, aone kama bado unavuta.

Vijiti vya kulia vikaanguka.

Chizuru alikuwa ameshika koo, macho yamemtoka. Tomohisa akauondoa mkono haraka, na dada yake akavuta pumzi.

"Kaka," alisema, "nani kaniziba mdomo?"

Alimbeba mgongoni wakimbie. Walipofika kizingitini pumzi ikamkatika Chizuru, akalegea kabisa. Akamrudisha kando ya mwanzi, naye akapumua tena. Hapo Tomohisa alielewa: mwanzi ule sasa ndio uliokuwa koo la dada yake.

Upepo ukaanza. Aliruka kuifunga milango, ile ya kusukuma, fahari yake. Mbao zilikuwa zimevimba kwa unyevu wa kisima. Akasukuma kwa bega, akasukuma kwa mgongo. Haikusogea hata kidogo.

Kutoka gizani ikaja sauti ya Bi Ushio, imepoa, haina huruma.

"Majani yameanza kudondoka, Bwana Msanifu. Usisinzie."

Jani jekundu likaingia, likatambaa sakafuni moja kwa moja hadi kwenye mwanzi. Tomohisa akalidaka. La pili akaliwahi. Msitu mzima ulikuwa juu yao, mwenyewe ndiye aliyekataza usikatwe, na nyuma yake Chizuru alianza kukohoa.