Unga Katika Kabati la Mama wa Safari

Kabati la kioo lilikuwa tupu. Kioo hakikuvunjwa na kitasa hakikung'olewa, jambo ambalo Inspekta Zamda Mfaume hakulipenda hata kidogo. Mwizi anayefunga kabati kabla ya kuondoka si mwizi wa njaa.

Kilichoibwa ni sanamu ya Bikira Maria ya mti wa mninga, mtoto akiwa mgongoni kwa mbeleko. Watu wa Tabora waliiita Mama wa Safari, kwani ilisemekana ilichongwa na mpagazi wa misafara ya zamani ya Ujiji. Kwa miaka mingi ilikaa kanisani, wanawake wakiipaka mafuta miguuni na kuomba watoto, hadi vidole vikalika. Mwaka juzi parokia iliihamishia katika makumbusho yake, chumba kimoja nyuma ya kanisa, pamoja na misalaba ya pembe, rozari za mbegu na rafu nzima ya kofia za vichanga zilizoletwa kwa shukrani.

Juu ya kabati palikuwa na kibao: USIGUSE. HAPA SI KANISANI.

"Nani kaandika?"

"Mimi, afande," alijibu Vedasto, mtunza makumbusho, mwanamume nadhifu wa miaka arobaini. "Bila hivyo wangeimaliza. Ushamba mtupu."

"Nani aligundua wizi?"

"Padri Nikolaus. Tumefunga wiki mbili kwa ajili ya kupaka rangi, lakini leo alileta mgeni ghafla. Aliona kabati tupu akiwa mlangoni, akakimbilia simu. Mimi nikabaki nalinda."

"Ukagusa nini?"

"Sijagusa kitu."

"Funguo ngapi?"

"Mbili. Moja yangu. Nyingine anayo mzee Awadhi wa Gongoni, fundi aliyelitengeneza kabati. Aliichukua Ijumaa, kitasa kilikuwa kinakwama." Akashusha sauti. "Naye si wa dini hii, afande. Kwake ile ni mti tu."

"Hata mimi si wa dini hii," alisema Zamda, akirekebisha ushungi wake.

Simu ikatetemeka mfukoni mwa Vedasto. Hakuipokea. Ikatetemeka tena, akaibana kwa kiganja.

Mtaalamu wa alama za vidole hakupata hata moja ndani ya kabati. Rafu nyingine zote zilikuwa na vumbi jekundu la kiangazi, lakini ya Mama wa Safari iling'aa. Mwizi gani tena huyu, anayefanya usafi? Zamda aliinama. Katika ufa wa ubao zilibaki chembe nyeupe. Alizichokoa kwa ncha ya kisu, akazitia katika bahasha ya vielelezo bila kumwambia mtu.

Saa nne mzee Awadhi alikuwa kituoni, kofia yake mapajani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sijaiba."

"Kabati umetengeneza wewe. Ufunguo unao wewe."

"Naona nilivyokaa vibaya." Akaikunja kofia. "Umri huu nilale mahabusu!"

"Basi nisaidie. Nani angeichukua?"

Mzee alifikiri. "Aliacha unga?"

Zamda aliweka kalamu chini. Siri ya bahasha ile aliijua yeye peke yake. "Unga gani?"

"Wa mtama. Zamani mwanamke mwenye mimba ngumu aliruhusiwa kumwazima Mama, akae naye nyumbani siku tisa. Pale alipotoka paliachwa unga kiganja kimoja, pasibaki patupu. Anayeiba akauze haachi unga. Anayeazima hathubutu kuondoka bila kuuacha."

"Wewe Mwislamu umeyajuaje?"

"Mama yangu alimwazima. Wanawake wa mjini walikwenda wote. Nani angewauliza dini?"

Zamda alimwamini nusu. Nusu iliyobaki aliifuata makumbusho, akaenda naye. Kabati la vifaa vya usafi lilikuwa na ufunguo mmoja tu, wa Vedasto. Ndani yake palikuwa na kitambaa kibichi, na katika mikunjo yake, unga mweupe ulioganda.

"Hujagusa kitu, siyo?"

Simu ya Vedasto ikatetemeka tena.

"Pokea. Weka sauti."

"Mume wangu," mwanamke alilia, "kichwa kinapasuka. Macho yanaona giza."

Dakika kumi baadaye gari la polisi lilisimama nyumbani kwa Vedasto. Mkewe, Elieth, alikuwa kitandani, mjamzito wa miezi tisa, uso umevimba. Mama wa Safari alisimama karibu na mto wake.

"Kliniki walitaka alazwe tangu wiki iliyopita, kwa presha," alisema Vedasto. "Tumezika watoto watatu, afande. Akasema haendi kokote mpaka akae na Mama siku tisa."

"Leo ya ngapi?"

"Ya pili."

"Dada, inuka twende hospitali."

"Siku zikikatika, mtoto anakufa," alisema Elieth, akashika ukingo wa kitanda.

Hapo mzee Awadhi akachuchumaa mlangoni. "Mwanangu, mama yangu alikaa naye siku mbili tu. Ya tatu uchungu ukamshika. Mtoto mwenyewe ndiye mimi, na nina miaka sabini na mmoja."

Elieth alimtazama mvi hadi miguu. Akaachia kitanda. "Twende naye."

"Ni kielelezo cha polisi," alisema Zamda. "Kishike vizuri, kisianguke."

Elieth aliingizwa chumba cha upasuaji. Kwenye benchi la nje, akiwa na pingu, Vedasto alitoa maelezo yake ya onyo.

"Nilimchukua mimi, na unga nikaacha. Niliogopa kutouacha."

"Mbona ukaufuta?"

"Unga ungesema ni mtu anayeamini. Miaka miwili nimewafukuza wanawake pale, nikiwaita washamba. Ningewatazama vipi? Nikaona heri waseme mwizi."

"Na mwizi awe mzee Awadhi."

"Ndiyo," alisema Vedasto, bila kuinua macho.

Zamda alikasirika kweli kweli. Mtu mzima alikuwa tayari kumfunga mzee wa watu ili asichekwe! Aliandika neno hilo la mwisho kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka.

Mlango ukafunguka. Muuguzi alisema mama ni mzima, na mtoto wa kike analia vizuri. Vedasto alijifunika uso kwa mikono yenye pingu.

Sanamu ilikuwa mwisho wa benchi, chini ya ulinzi wa Koplo Kashindye. Habari zilikuwa zimefika wodi ya wazazi. Wajawazito sita walisimama mbele yake, mmoja ana kichupa cha mafuta.

"Afande, niwazuie?"

Zamda alimgeukia Vedasto. "Mwenye kibao, unasemaje?"

"Waache waguse," alisema.

Mzee Awadhi akasogeza miguu kuwapisha.